Safari ya Siku Tano Katika Njia ya Wapagazi

Neno safari ni kongwe katika lugha ya Kiswahili. Wazee wa pwani walilipokea kutoka kwa Waarabu, wakalitumia kwa kila mwendo wa mbali: safari ya jahazi, safari ya Hija, safari ya biashara, na hata ile safari ya mwisho ambayo hakuna aliyepata kurudi. Katika karne ya 19 wasafiri wa Kizungu walilisikia vinywani mwa wapagazi wao, wakaliandika katika vitabu vyao, na leo lasemwa katika lugha nyingi za ulimwengu. Lakini neno hilo lilipovuka bahari lilipungua maana. Kwa mgeni wa ng'ambo, safari si mwendo wowote ule. Ni likizo ya siku chache katika Afrika, iliyopangwa tangu mwanzo hata mwisho, yenye kiongozi na motokaa, siku moja au mbili za kutazama mji, na siku kadhaa za kutazama wanyama wa mwitu.

Likizo za namna hiyo zina historia yake. Tarehe 5 Julai mwaka wa 1841, Mwingereza mmoja aitwaye Thomas Cook alikodi gari la moshi akawachukua watu wapatao 500 kutoka mji wa Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja, wahudhurie mkutano wa watu wanaopinga ulevi. Mwendo ulikuwa mfupi, walakini jambo lenyewe lilikuwa kubwa, maana alionyesha kwamba safari yaweza kupangwa na mtu mmoja na kuuzwa kwa watu wengi kama inavyouzwa bidhaa dukani. Hata kufika mwaka wa 1869 alikuwa akiwaongoza wageni wake katika mto Naili, huko Misri. Tangu hapo biashara hiyo haikusimama, na haikukawia kufika kwetu.

Miaka michache iliyopita niliwaongoza wanafunzi wangu kutazama vitu vya kale. Ukutani palitundikwa picha kuukuu ya mwindaji wa Kizungu, bunduki mkononi, mguu mmoja juu ya simba aliyekufa. Nyuma yake walisimama watu weusi kumi na wawili. Chini ya picha liliandikwa jina la mwindaji, na aina ya bunduki yake pia. Msichana mmoja akanigeukia akaniuliza, "Mwalimu, na hawa wengine walikuwa nani?" Nilimjibu kwamba walikuwa wapagazi. Akasema, "Hilo nimeliona, Mwalimu. Mimi nauliza majina yao." Sikuwa na jibu la kumtosha. Insha hii ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Basi, msomaji, na tuifuate safari moja ya siku tano kama wanavyoifuata wageni kila mwaka. Wengi wao huanzia Nairobi, hupitia mbuga ya Tsavo, humaliza Mombasa penye upepo wa bahari. Sisi tutaianzia Mombasa, kwa kuwa historia yenyewe ilianzia huko.

Siku ya Kwanza: Mombasa

Asubuhi mgeni hupelekwa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593. Huonyeshwa mizinga, huelezwa jinsi Waarabu wa Omani walivyoizingira tangu mwaka wa 1696 hata wakaitwaa mwaka wa 1698, kisha hupitishwa katika vichochoro vya Mji wa Kale, penye milango ya nakshi na harufu ya kahawa. Jioni huketi akatazama majahazi. Siku yake ni njema, wala hatumlaumu. Ila lipo swali ambalo ni mara chache kuulizwa: zile pembe za ndovu zilizoutajirisha mji huu, na kupakiwa majahazini kwenda Bara Hindi na Arabuni, zilifikaje hapa?

Zilifika juu ya mabega ya watu. Barani hapakuwa na barabara ya gari, na ng'ombe na punda wengi hawakuweza kustahimili maradhi ya mbung'o. Kwa hiyo mwanadamu ndiye aliyekuwa gari. Wakamba walizileta pembe kutoka bara kwa misafara yao wenyewe, na jina la Kivoi, mkuu wao mmoja katikati ya karne ya 19, lilijulikana hata pwani. Baadaye Waswahili na Waarabu wa pwani nao wakaingia bara kwa misafara mikubwa. Mbele alikwenda kiongozi, anayezijua njia na visima. Nyuma yake walifuata wapagazi kwa mstari mmoja mrefu, kila mmoja na mzigo wake kichwani au begani, uzito wake mara nyingi frasila mbili, ndiyo ratili 70 hivi. Askari walilinda pande zote, na mnyapara akawahimiza wazembe. Jioni kila mtu alipewa posho yake ya unga, akapika, akalala chini ya nyota. Baadhi ya wapagazi hao walikuwa watu huru waliofuata ujira. Wengine walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira wao haikufika mikononi mwao.

Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai kwenda nchi ya Wachaga, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Vitabu vingi humtaja kuwa Mzungu wa kwanza kuuona mlima huo, na hiyo ni kweli. Lakini Rebmann hakuijua njia. Aliyemwongoza alikuwa Bwana Kheri, mtu wa Mombasa, kiongozi wa misafara, ambaye alikwisha kufika Uchagani kabla yake. Watu waliokwenda pamoja nao walikuwa wachache, hawakufika hata kumi. Ukitaka kumjua mzee wa wale vijana wanaosimama leo milangoni mwa Ngome ya Yesu, wakiwangojea wageni wawaongoze, basi ndiye huyo Bwana Kheri. Kazi ya kuongoza wageni haikuletwa kwetu na meli. Tulikuwa nayo zamani, nayo ilikuwa kazi ya heshima.

Siku ya Pili: Nyika na Reli

Siku ya pili mgeni hupanda gari la moshi, akaiacha minazi nyuma yake. Baada ya saa moja hivi nchi hubadilika. Miti huwa mifupi na yenye miiba, udongo huwa mwekundu, na maji huonekana kwa shida. Hii ndiyo nyika ya Taru, ambayo wapagazi waliiogopa kuliko simba. Hapo mtu aliyechoka aliachwa nyuma, na aliyeachwa nyuma ni mara chache kufika.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ilifika mahali panapoitwa Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1899, ikafika Ziwa Nyanza mwishoni mwa mwaka wa 1901. Waliletwa vibarua na mafundi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na watu kama 2,500 kati yao walifia kazini kwa maradhi na ajali. Katika mto wa Tsavo, mwaka wa 1898, simba wawili walizoea kuwatoa watu mahemani usiku, hata kazi ya kujenga daraja ikasimama. Mkuu wa ujenzi huo, J. H. Patterson, aliwaua simba hao mwezi wa Desemba mwaka huo huo, akaandika kitabu, na sifa zake zikaenea. Ngozi za simba hao ziliuzwa kwa nyumba ya makumbusho ya Field Museum huko Chicago katika miaka ya 1920, na hata leo simba wawili waliojazwa wamesimama huko nyuma ya vioo. Kila kiongozi wa wageni hukisimulia kisa hiki treni ipitapo Tsavo. Simba wana makumbusho yao, na mwindaji ana kitabu chake. Wale walioliwa hawana hata hesabu iliyo thabiti. Patterson mwenyewe alitaja vibarua 28 wa Kihindi, akaongeza kwamba Waafrika walioliwa hawakuandikwa. Tafakari maneno hayo, msomaji. Hakuna aliyeona haja ya kuwaandika.

Reli iliua msafara. Mwendo wa majuma mengi ukawa mwendo wa siku mbili tatu, na mzigo wa watu mia ukaingia katika behewa moja. Lakini reli, kama duka, yahitaji wateja. Nchi ilikuwa bado haina mazao mengi ya kusafirisha, na gharama za ujenzi zilikuwa kubwa. Ndipo Shirika la Reli ya Uganda lilipochapisha matangazo yenye picha za wanyama wa kila aina, likiwaalika matajiri wa Ulaya waje kuikimbia baridi na kuwinda. Mwaka wa 1907 alipita Winston Churchill, na mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Roosevelt aliketi mbele kabisa ya gari la moshi, juu ya kiti kilichofungwa hapo maalum, akitazama wanyama wakikimbia kando ya reli. Hapo ndipo neno safari lilipoanza kuuzwa.

Treni ya siku hizi, iliyoanza kazi mwaka wa 2017, hutoka Mombasa hata Nairobi kwa muda wa saa tano au sita. Reli yake imeinuliwa juu ya tuta, na penye njia za ndovu pameachwa mapito ya chini ili wanyama wapite. Mgeni wetu hashuki Nairobi leo. Ashuka Voi, kwa kuwa siku ya tatu ni ya mbuga.

Siku ya Tatu: Tsavo

Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwezi wa Aprili mwaka wa 1948. Ukubwa wake, mashariki na magharibi pamoja, ni kama kilomita za mraba 20,000, nao washinda nchi nyingine ndogo za ulimwengu. Alfajiri motokaa hutoka na paa lake limefunguliwa, na wageni husimama wakachungulia. Mara hutokea kundi la ndovu wekundu kama matofali, maana hujipaka vumbi la nchi. Majike hutangulia, watoto wakawa katikati. Mtu aliyeuona mwendo huo kwa macho yake hausahau.

Lakini nchi hii haikuwa tupu ilipofanywa mbuga. Waliikaa Waata, ambao majirani zao huwaita Waliangulu. Walikuwa watu wachache, wawindaji, na upinde wao ulikuwa na nguvu ajabu. Kwa mshale mmoja wenye sumu waliweza kumwangusha ndovu. Nyama ilikuwa chakula chao, na pembe walizibadilisha na wafanyabiashara wa pwani. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu enzi za misafara. Walifuata desturi ya kuwinda, wala haikuwapo hati iliyowapa nchi, maana hakuna mtu huko aliyepata kudai hati.

Sheria za serikali ya kikoloni ziliwagawa wawindaji mafungu mawili. Aliyenunua kibali na kubeba bunduki aliitwa mwanamichezo. Aliyetumia upinde pasipo kibali aliitwa jangili. Bei ya kibali ilikuwa juu ya uwezo wa Mwata. Katika miaka ya 1956 na 1957 walinzi wa mbuga, chini ya David Sheldrick na wenzake, waliendesha vita vikali dhidi ya uwindaji huo, na wanaume wengi wa Kiata walifungwa gerezani. Mwaka wa 1960 ulianzishwa mpango kando ya mto Galana ili Waata wawinde ndovu kwa kiasi na kwa halali. Mpango huo haukudumu miaka mingi, na mahali pake pakaja ufugaji wa ng'ombe.

Hapa yatupasa tuwe waadilifu, maana historia si kesi ya upande mmoja. Sheldrick na walinzi wake hawakuwa watu waovu. Waliona mizoga ya ndovu waliokufa pasipo faida, na biashara ya pembe iliyonufaisha matajiri wa mbali kuliko mwindaji mwenyewe. Na yaliyofuata yalionyesha kwamba hofu yao ilikuwa na sababu. Ukame wa miaka ya 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu kwa njaa. Kisha wakaja majangili wa namna nyingine, wenye bunduki za kivita. Katika miaka ya 1960 Tsavo na nchi jirani zilikuwa na ndovu wapatao 35,000. Hesabu ya mwaka wa 1988 iliwapata kama 5,400 tu. Tangu hapo wameongezeka polepole, na hesabu ya taifa ya mwaka wa 2021 iliwapata karibu 15,000. Ndovu walihitaji ulinzi, nasi twashukuru kwamba waliupata. Lakini ni haki pia kusema kwamba gharama ya ulinzi huo ilianza kulipwa na watu maskini kuliko wote, na kwamba hawakuulizwa.

Gharama hiyo yaendelea kulipwa. Wataita huishi na kulima kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Usiku ndovu huvuka, na shamba la mahindi la mwaka mzima huisha kwa saa moja. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 imeweka fidia kwa aliyejeruhiwa au kuharibiwa mali, na kwa jamaa za aliyeuawa. Fidia ni jambo jema, lakini hailiwi usiku ule ule, na mkulima ana watoto wa kulisha.

Siku ya Nne: Mji wa Nairobi

Siku ya nne safari yafika Nairobi, nayo yaturudisha nyuma kidogo, kwenye zile siku za mwanzo wa reli. Jina lenyewe ni la Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Mwaka wa 1899 hapakuwa na mji, palikuwa na bwawa na malisho. Reli iliweka kambi hapo kabla ya kupanda milima, na kambi ikazaa mji. Mwishoni mwa mwaka wa 1904 ikafunguliwa Hoteli ya Norfolk, na mbele yake ndipo misafara ya wawindaji ilipokuwa ikikusanyika. Katika mwaka huo huo Wamaasai walitiwa katika mapatano yaliyowaondoa Bonde la Ufa ili walowezi wapate nchi, na mapatano ya mwaka wa 1911 yakawaondoa Laikipia pia. Mgeni anayepiga picha ya Mmaasai kando ya mbuga yafaa ajue kwamba kabila hilo lilihamishwa mara mbili katika muda wa miaka michache.

Msafara wa Roosevelt mwaka wa 1909 ulikuwa mkubwa kuliko yote iliyotangulia ya wawindaji. Wapagazi walikuwa zaidi ya 200. Walibeba mahema, bunduki, chakula, na tani kadhaa za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Walibeba hata maktaba. Roosevelt alipenda kusoma, akafungasha vitabu vidogo vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ndani ya sanduku ambalo uzito wake haukufika ratili 60, yaani mzigo wa mpagazi mmoja. Yeye na mwanawe Kermit waliwaua wanyama wakubwa 512, na kwa jumla msafara ukapeleka Marekani vielelezo zaidi ya 11,000 vya viumbe, vikubwa na vidogo, kwa ajili ya makumbusho. Hesabu ya wanyama imeandikwa mmoja mmoja, kwa aina na kwa idadi. Roosevelt aliwasifu wapagazi wake katika kitabu chake, tena kwa moyo. Lakini mtu yule aliyelibeba sanduku la vitabu juu ya kichwa chake, siku baada ya siku, naye pengine hajui kusoma hata herufi moja, jina lake halikuandikwa juu ya sanduku wala ndani yake.

Sasa twende Barabara ya Kenyatta. Mgeni huipita upesi, akielekea sokoni kununua vinyago. Yeye apite, sisi tusimame. Hapo zimesimama sanamu tatu za shaba, zilizowekwa mwaka wa 1928 kwa ukumbusho wa Waafrika na Waarabu waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Mmoja wa watu hao watatu hana bunduki. Huyo ni mpagazi. Vita vilipozuka mwaka wa 1914, majeshi ya Waingereza yaliyopigana na Wajerumani katika Afrika ya Mashariki yalihitaji watu wa kubeba chakula na risasi mahali pasipofika reli wala motokaa. Wakaandikwa vijana, wengi wao kwa nguvu, katika Kikosi cha Wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilitamkwa na wananchi kwa namna yao, likabaki: Kariokor ya Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Maelfu ya watu hununua na kuuza humo kila siku, pasipo kujua kwamba wanalitaja kundi la wafu.

Majina ya wapagazi hao hayakuchongwa juu ya makaburi, kama yalivyochongwa ya askari wa Kizungu. Mwaka wa 2021, zaidi ya miaka 100 baada ya vita, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wengi wa Afrika na Asia walinyimwa ukumbusho ulio sawa na wa wenzao, ikaomba radhi. Ombi la radhi halifufui mtu. Lakini lathibitisha kwamba msichana yule aliyeuliza majina mbele ya picha hakuuliza swali la kitoto.

Siku ya Tano: Mbuga ya Nairobi

Siku ya mwisho ni ya ajabu, maana mgeni huona mji na mwitu kwa mtazamo mmoja. Mbuga ya Nairobi ina kilomita za mraba 117 tu, na kutoka huko twiga huonekana akiwa amesimama mbele ya majumba marefu. Ilitangazwa mwezi wa Desemba mwaka wa 1946, ikawa ya kwanza katika Kenya. Aliyeipigania sana ni Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi. Yasimuliwa kwamba alipoona watu hawajali, aliandika barua gazetini pasipo jina lake la kweli, akidai wanyama wote wauawe. Wasomaji wakakasirika, wakaanza kutaka walindwe, na hilo ndilo alilolitaka. Mbuga ikapatikana kwa hila njema. Walakini hata hapa wafugaji waliozoea kulisha mifugo yao walilazimika kutafuta malisho kwingine.

Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963 mambo yaligeuka. Ndege kubwa zilileta wageni wengi kwa saa chache, na kamera ikaanza kuchukua mahali pa bunduki. Mwaka wa 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa michezo katika nchi nzima. Tarehe 19 Julai mwaka wa 1989, ndani ya mbuga hii hii ya Nairobi, Rais Daniel arap Moi alitia moto tani 12 za pembe za ndovu, ili ulimwengu ujue kwamba Kenya haitaki tena biashara hiyo. Mwaka wa 2016 zikachomwa tani 105. Bidhaa ile ile iliyowachosha wapagazi kwa karne nyingi ikawa moshi.

Na wenyeji je? Mwaka wa 1968 wanafunzi wa shule za sekondari, watu wa umri wenu ninyi mnaosoma kurasa hizi, walianzisha Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, maana waliona si haki watoto wa nchi wawajue wanyama wao kwa picha tu. Mwaka wa 1975 kikafunguliwa Chuo cha Utalii, ambamo vijana wa Kenya walifundishwa kuwa wapishi, wasimamizi wa hoteli na viongozi wa wageni. Polepole mtu aliyesimama nyuma ya picha akaanza kusogea mbele. Leo kiongozi aijuaye njia, na ajuaye majina ya ndege mia tatu kwa lugha tatu, ni mwananchi. Bwana Kheri amerudi kazini.

Jibu kwa Mwanafunzi

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji asahauliwe. Sisemi kwamba likizo hizi ni mbaya. Fedha zake zimesomesha watoto wengi, na pengine ndovu wa Tsavo wangekwisha lau wageni wasingekuja kuwatazama. Nasema hivi tu: kila safari ina mbebaji wake. Hapo kale alibeba pembe, kisha akabeba sanduku la vitabu, kisha akabeba risasi za vita visivyokuwa vyake. Leo ni mkulima wa Taita anayelala macho, na dereva aliyeamka saa kumi ya usiku ili wageni wamwone simba wakati wa mapambazuko. Nchi inayojiheshimu huwajua wabebaji wake.

Basi, binti yangu uliyeuliza, siwezi kukupa majina ya wale kumi na wawili, kwa sababu aliyekuwa na kalamu siku ile hakuyaandika. Lakini wewe unayo kalamu. Katika kijiji chako huenda yupo mzee ambaye baba yake au babu yake alibeba mzigo, alipima reli, alipika kambini, au alihamishwa ili mbuga ipatikane. Nenda kwake kabla jua halijatua. Mwamkie kwa adabu, keti, umsikilize, uandike jina la baba yake na la babu yake, na mahali walipopita. Ukifanya hivyo, utakuwa umefanya safari kwa maana ya zamani ya neno hilo, na kiongozi wako atakuwa ni yule anayeijua njia.